Kupata Ilhamu ya Sanaa katika Vitu vya Kila Siku

Msanii anayelalamika kwamba hana la kuchora kwa kawaida hajakosa vitu vya kutazama, ila amevizoea kiasi kwamba macho yake huvipita bila kuviona. Dawa yake si safari, wala si kungoja wazo kubwa limshukie, bali ni kupunguza uwanja wa kutazama mpaka kibaki kitu kimoja, kisha kukaa nacho muda mrefu kuliko kinavyoonekana kustahili.

Kata tundu la mstatili katikati ya kipande cha kadibodi. Fumba jicho moja, inua kadibodi mbele ya jicho lililo wazi, na uisogeze taratibu mahali ulipo, ukiileta karibu na kuipeleka mbali. Kitakachojitokeza si kiti wala meza nzima, bali ni pembe ambapo mguu wa kiti unakutana na kivuli chake, au pengo lililo kati ya vikombe viwili. Lichore pengo hilo kwanza, kwa kuwa akili haina picha yake iliyoikariri, na hivyo mkono hulazimika kufuata kile jicho linachokiona.

Ukishachagua kitu, kirudie saa nyingine, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua zote. Mwaka 1890 na 1891 Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alichora marundo ya mavuno yaliyokuwa karibu na nyumba yake katika kijiji cha Giverny, akibadilisha turubai ya kuchorea kila mwanga ulipobadilika, hata akapata picha takriban 25 za jambo lile lile. Giorgio Morandi naye, mchoraji wa Italia, kwa miongo mingi alichora chupa na mitungi michache aliyoihamisha kidogo tu mezani. Fanya hivyo kwa kipimo chako: chora asubuhi, adhuhuri na jioni, ukiandika pembeni saa na upande mwanga unakotokea. Utakapoilinganisha michoro hiyo, tazama urefu wa vivuli na rangi zilizomo ndani yake, maana kivuli ni nadra kuwa cheusi kitupu.

Picha ya simu inaweza kusaidia kumbukumbu, lakini ni heri ipigwe baada ya mchoro, kwa sababu kamera hukuamulia mapema nini kiwe ndani na nini kiachwe nje.

Kwa anayependa ulaini na mikwaruzo ya nyuso za vitu kuliko maumbo yake, karatasi nyembamba ikiwekwa juu ya ubao, jani au ukuta mkavu na kusuguliwa kwa ubavu wa penseli hutoa alama ambazo mkono peke yake usingezibuni. Max Ernst, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianza kutumia mbinu hiyo mwaka 1925 kwa mbao za sakafu. Igeuze karatasi juu chini, utafute umbo linalojitokeza, kisha uliendeleze kwa mistari yako mwenyewe. Alama iliyoachwa ilivyo ni malighafi tu.

Wachongaji wana njia fupi zaidi. Mwaka 1942 Pablo Picasso, msanii wa Hispania, aliunganisha kiti cha baiskeli na usukani wake, akapata kichwa cha fahali. Kusanya vitu vilivyotupwa, uvipange sakafuni kwa namna kadhaa, uichore kila namna, na usigandishe chochote kwa gundi kabla hujaiona mipangilio yote kwa pamoja.