Namna ya Kuchagua na Kusoma Vitabu vya Kriketi

Mchezo wa kriketi umeandikiwa vitabu vingi mno, na mtu anayeingia dukani bila mpango mara nyingi hutoka na wasifu wa nyota anayevuma msimu huo, akausoma mara moja na kuusahau. Ushauri wangu ni kwamba, kabla ya kununua chochote, ujifunze kwanza kusoma jedwali la mechi, yaani orodha ya alama za kila mchezaji, kwa sababu mwenye ujuzi huo anaweza kupima mwenyewe kila simulizi atakayokutana nayo.

Chukua mechi ya tarehe 29 Februari 1996 mjini Pune, India, ambapo Kenya iliishinda West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, kwa mikimbio 73, yaani alama za kriketi, katika Kombe la Dunia. Jedwali linaanza na wapigaji wa Kenya, ambao jumla yao ilikuwa mikimbio 166. Usiuruke mstari wa mikimbio ya ziada, yaani ile isiyotoka kwenye gongo la mpigaji: hapo utakuta 37, ilhali Steve Tikolo, aliyewazidi wapigaji wote wa Kenya siku hiyo, alipata 29. Namba hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha jinsi warushaji wa West Indies walivyokosa nidhamu, jambo ambalo mwandishi mwenye kusifu tu anaweza kulipita. Sasa shuka kwa wapigaji wa West Indies, waliotolewa wote kwa 93. Mbele ya jina la Brian Lara kuna herufi c na jina la Tariq Iqbal, kisha b na jina la Rajab Ali, halafu 8. Maana yake ni kwamba Rajab Ali alirusha, Iqbal aliyekuwa mlinda wiketi, yaani anayesimama nyuma ya vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi, akadaka, na Lara akaondoka na mikimbio minane. Herufi b ikisimama peke yake, mpira umegonga wiketi. Mwishoni kuna warushaji, na mbele ya Maurice Odumbe, nahodha wa Kenya, pameandikwa 10-3-15-3: alirusha ova 10 (ova moja ni mipira sita), tatu kati yake bila kuruhusu mkimbio hata mmoja, akatoa mikimbio 15 na kuchukua wiketi 3, yaani kuwatoa wapigaji watatu. Rudia zoezi hili kwa mechi kadhaa hadi macho yazoee.

Sheria zenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Tafuta toleo jipya la sheria zinazotunzwa na klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club) ya London, iliyoanzishwa mwaka 1787, nawe uwe nalo karibu unaposoma.

Kwa vitabu vya ukocha, tazama kwanza mwaka wa kuchapishwa. Mechi za ova 20 zilianza kuchezwa kama mashindano ya kulipwa nchini Uingereza mwaka 2003, hivyo kitabu cha kabla ya hapo hakiwezi kukufundisha mbinu zilizozaliwa na mchezo huo wa haraka. Hata hivyo, namna ya kushika gongo, kusimama na kusogeza miguu haijachakaa, na ndiyo maana kitabu alichochapisha mpigaji wa Australia Don Bradman mwaka 1958, The Art of Cricket, bado kinastahili kusomwa na kocha wa shule. Bradman, aliyemaliza mechi za kimataifa kwa wastani wa mikimbio 99.94, alijizoeza utotoni kwa kupiga mpira wa gofu kwa kijiti cha wiketi dhidi ya msingi wa tangi la maji nyumbani kwao Bowral. Kocha asiye na vifaa anaweza kulijaribu hilo kesho asubuhi. Soma sura moja, ipeleke uwanjani, kisha ndipo uifungue inayofuata. Kitabu cha ukocha kinachomalizwa kitandani hakimsaidii mchezaji yeyote.

Urithi wa mchezo ndio sehemu ninayoipenda zaidi, na hapa sina budi kusema wazi kwamba wasifu wa mchezaji ambaye bado anacheza ninauweka nyuma, kwa kuwa bado ana wenzake wa kuwastahi na mikataba ya kulinda. Anza badala yake na Beyond a Boundary cha C. L. R. James wa Trinidad, kilichotoka mwaka 1963. James alikuwa miongoni mwa waliopigania Frank Worrell, mchezaji mweusi, apewe unahodha wa kudumu wa West Indies, na kitabu chake kinaonyesha jinsi rangi na tabaka vilivyoamua nani acheze klabu gani. Kisha soma A Corner of a Foreign Field cha Ramachandra Guha, hasa habari za Palwankar Baloo, mrushaji hodari wa India aliyenyimwa unahodha kwa sababu ya tabaka lake. Ukisoma viwili hivi kwa kufuatana, utaanza kuuliza maswali yale yale kuhusu viwanja vya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ambako mchezo uliletwa na Waingereza na kukuzwa sana na jamii za Waasia.

Kwa kriketi ya kwetu, chanzo cha kutegemea ni Wisden, kitabu cha kumbukumbu za kriketi kinachotolewa kila mwaka Uingereza tangu 1864. Kumbuka kwamba kila toleo hueleza mechi za mwaka uliotangulia: ushindi wa Pune umo katika toleo la 1997, na safari ya Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003 imo katika toleo la 2004. Ukinunua nakala iliyotumika, hakikisha mwaka ulioandikwa kwenye jalada kabla ya kulipa.