Bosi akikulemea, mruke kwanza

Kwa wanaocheza Elden Ring kwenye vibanda vya gemu Umoja ama Githurai, ambako saa inahesabiwa hata ukifa: yule bosi (adui mkubwa) wa mwanzo, askari wa dhahabu aliyepanda farasi, Tree Sentinel, mpite mbali. Songa mbele, pumzika kwenye Site of Grace (vituo vya kupumzikia) za njiani mpaka Melina, msichana anayekusaidia, akupe Torrent, farasi wako. Okota Smithing Stone (mawe ya kuimarishia silaha), kisha nenda Church of Elleh. Kuna fuawe ya kupandisha silaha hadi +3. Sasa mrudie ukiwa juu ya farasi.

Inafanya kazi kwa sababu yeye haongezeki. Nguvu na uhai wake ni vilevile ulivyomwacha, wewe ndiye umebadilika. Mwanzoni silaha iliyopandishwa inasaidia kuliko levo mbili tatu, na wengi hulimbikiza levo tu wakisahau upanga. Tumia runes zako zote (pointi za kununulia vitu na levo) kabla ya kumkabili; ukifa zinabaki pale, na ukifa tena kabla ya kuziokota, zimeenda.

Ujanja huu unagoma kwenye gemu ambazo maadui hupanda levo pamoja nawe, kama Oblivion ya 2006. Hata Shadow of the Erdtree ya 2024, nyongeza ya Elden Ring, levo pekee hazitakubeba, tafuta Scadutree Fragments, vipande vinavyokuongezea nguvu humo. Na kibandani, mwombe mwenyewe akufungulie akaunti yako, la sivyo kijana wa zamu ya jioni ataendelea na mchezo wako na bosi utamkuta ashauawa.