Kukokotoa mwangwi wa sakafu ya bahari ukiwa Dodoma

Dodoma hatuna bahari, lakini majabali tunayo. Kabla hujawasha kompyuta, simama mita 34 kutoka jabali kubwa, upige kofi moja. Mwangwi utarudi baada ya sekunde 0.2, kwa kuwa sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde, nayo imekwenda na kurudi. Baharini huenda mita 1500 hivi. Hesabu ni ileile.

Hatua ya 1. Chukua kina H cha mita 4000, chombo kikituma mpigo mfupi wa sauti kutoka juu ya maji. Mwangwi wa kwanza, wa wima, unafika sekunde ya 5.33. Kuanzia hapo umbali ni r = c·t/2, ambapo c ni kasi ya sauti na t ni muda tangu mpigo utumwe. Usisahau kugawa kwa 2. Mimi niliwahi kusahau, nikapoteza siku mbili nikitafuta kosa kwingine.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye kazi. Sauti hairudi kutoka nukta moja, inarudi kutoka pete nzima ya sakafu, kama duara linalotanuka ukidondosha kokoto kwenye beseni la maji. Chora pembetatu kwenye karatasi: wima H, mshazari r. Pete ikipanuka, ukanda wake unazidi kuwa mwembamba. Ukizidisha mzingo kwa upana unapata eneo A = π·c·τ·r, ambapo τ ni muda wa mpigo. Nakusihi usiuruke mchoro huu. Ukiuelewa, modeli umeishaielewa.

Hatua ya 3. Kwa kanuni ya Lambert, sauti inayogonga sakafu kwa kulala hurudi kidogo. Sini ya pembe kati ya mwale wa sauti na sakafu ni H/r, nayo inaingia mara mbili: kwenda na kurudi. Kiwango cha msingi cha sauti inayorudishwa na sakafu, desibeli −27, alikipata mtafiti Mackenzie mwaka 1961 kwenye bahari ya kina kirefu, kwa masafa ya hezi 530 na 1030.

Hatua ya 4. Andika kwa Python (chanzo ni nguvu ya sauti inayotumwa, kwa desibeli; 40·log10(r) ni hasara ya kusambaa kwenda na kurudi; S ni ile ya Hatua ya 3):

```
import numpy as np
H, c, tau, chanzo = 4000, 1500, 0.1, 200
t = np.arange(5.5, 20, 0.1)
r = c*t/2
A = np.pi*c*tau*r
S = -27 + 20*np.log10(H/r)
mwangwi = chanzo - 40*np.log10(r) + S + 10*np.log10(A)
```

Hatua ya 5. Kagua kwa kikokotoo cha mkononi. Sekunde ya 8 upate desibeli 82.9, ya 16 upate 67.8. Muda ukiongezeka maradufu, mwangwi lazima ushuke desibeli 15. Usiposhuka hivyo, rudi kwenye pembetatu.

Ikikubali, ndipo uondoe c moja ya kudumu na kuweka profaili ya Munk, yaani fomula ya jinsi kasi ya sauti inavyobadilika kwa kina, ambayo kasi yake ya chini kabisa iko kina cha mita 1300, na miale ianze kupinda.