Kulinganisha chapa za peleti za mbao kabla ya kununua za msimu mzima

Kwenye mfuko wa peleti, vile vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa ndilo linalokwambia machache kuliko yote. Chapa moja huweza kutoka viwanda viwili vitatu, na kiwanda kimoja hubadilisha malighafi kufuatana na unga wa msumeno unaopatikana: mwezi huu msonobari mtupu, mwezi ujao mchanganyiko wenye magome. Kwa hiyo unacholinganisha ni mzigo uliopo dukani sasa, ukiungua ndani ya jiko lako. Andaa mizani ya jikoni, chekeche, ndoo ya lita 10, kipimajoto, daftari, na mifuko miwili ya kila chapa.

Soma mfuko kwanza

Tafuta alama ya ubora. Ulaya inayotumika sana ni ENplus, iliyojengwa juu ya kiwango cha ISO 17225-2; Marekani ni ile ya Pellet Fuels Institute, kwa kifupi PFI. Daraja la ENplus A1 linataka majivu yasizidi asilimia 0.7, unyevu usizidi asilimia 10, na nishati isipungue kilowati-saa (kWh) 4.6 kwa kilo. A2 huruhusu majivu hadi asilimia 1.2, na B hadi 2.0. Daraja la Premium la PFI huruhusu majivu hadi asilimia 1 na unyevu hadi 8. Kwa jiko la sebuleni usishuke chini ya A1 au Premium. Madaraja ya chini yana mahali pake, kwenye boila kubwa zinazokwangua majivu zenyewe.

Nembo hughushiwa. Nembo halisi ya ENplus huambatana na herufi mbili za nchi na namba. Itafute namba hiyo kwenye orodha iliyo katika tovuti ya ENplus. Kama haimo, au mfuko una nembo isiyo na namba, uache hapo hapo.

Angalia pia kipenyo. Majiko mengi ya nyumbani yametengenezwa kwa peleti za milimita 6, na za milimita 8 zitumike tu kama kitabu cha jiko kinaruhusu.

Rangi isikubabaishe. Weusi unaweza kutokana na magome, lakini pia unaweza kutokana na aina ya mti au ukaushaji wa moto mkali. Na ule ubishi wa miti migumu dhidi ya miti laini umepewa uzito usiostahili: kwa kilo, msonobari na jamii zake hutoa joto kidogo zaidi kwa sababu ya utomvu na lignini (gundi ya asili ya mti), ila tofauti hiyo humezwa upesi na unyevu au majivu yakizidi.

Gawa bei kwa joto

Mifuko haina ujazo mmoja. Ya Ulaya mara nyingi ni kilo 15, ya Marekani ratili 40, yaani kilo 18.1. Bei ya mfuko kwa mfuko haina maana. Tumia hesabu hii: bei ya mfuko, gawa kwa kilo, kisha gawa kwa kWh kwa kilo zilizoandikwa.

Tuseme mfuko wa kwanza una kilo 15, kWh 4.9 kwa kilo, na bei yake ni 90 kwa fedha yoyote ile. Wa pili una kilo 18, kWh 4.6, bei 105. Kwa kilo, wa pili unaonekana rahisi: 5.83 dhidi ya 6.00. Ukigawa kwa joto, wa kwanza ni 1.22 kwa kWh na wa pili 1.27. Rahisi imegeuka ghali.

Unyevu ndio unaokula joto kimyakimya. Peleti zenye unyevu wa asilimia 10 hutoa joto pungufu kwa takriban asilimia 5 kuliko zenye asilimia 6, kwa uzito uleule, kwa kuwa unalipia maji na kisha unatumia moto kuyageuza mvuke. Kama mfuko hautaji unyevu, pima mwenyewe: gramu 100 za peleti kwenye oveni ya nyuzi 105, pima kila baada ya saa moja hadi uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 92, unyevu ulikuwa asilimia 8. Usiongeze moto ili kuharakisha, utakuwa unaunguza mbao badala ya kuikausha.

Majaribio ya mezani

La kwanza na la maana kuliko mengine ni la chenga, yaani vumbi na vipande vilivyomeguka. Pima mfuko mzima, umimine wote kidogokidogo juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 3 hivi, tikisa taratibu, kisha pima kilichopita chini. Lazima uwe mfuko mzima kwa sababu chenga hushuka na kujikusanya sehemu ya chini; ukichota kutoka juu utapata peleti safi kila mara na kudanganyika. ENplus inataka chenga zisizidi asilimia 0.5 kwenye mifuko midogo, yaani gramu 75 kwa mfuko wa kilo 15. Ukipata gramu 200, ama peleti ni dhaifu ama mifuko imerushwarushwa njiani. Ili kujua ni lipi, chukua gramu 500 zilizokwisha chekechwa, zitie kwenye kopo kubwa lenye kifuniko, tikisa kwa nguvu dakika mbili, chekecha tena na upime. Maabara hutumia gramu hizohizo kwenye sanduku linalozunguka mara 500 ndani ya dakika 10, kwa hiyo matokeo yako hayalingani na namba iliyo mfukoni. Yanatosha tu kutofautisha chapa mbili zilizotikiswa na mkono mmoja.

Halafu ndoo. Jaza ndoo ya lita 10, sawazisha juu kwa ubao, toa uzito wa ndoo. Tarajia kilo 6 hadi 7.5. Iandike namba hii vizuri, utaihitaji jiko likianza kufanya vituko.

Urefu: kikomo ni milimita 40, na zinazozidi hapo ziwe chache mno. Mwaga peleti kiganjani mara kadhaa. Ukiona nyingi zina urefu wa kidole cha mwisho, tegemea kukwama.

Mwisho, tumbukiza konzi moja kwenye glasi ya maji. Peleti iliyoshindiliwa vema huzama, kisha huvimba na kurudi kuwa unga wa mbao. Jaribio hili halisemi lolote kuhusu joto, ingawa watu hulipenda. Faida yake ni moja: koroga, mwaga unga taratibu, na upapase kilichobaki chini. Mchanga unakwaruza vidole. Vipande vya plastiki au vya rangi vinaonekana kwa macho, na vikiwemo, hiyo si mbao safi, isiingie jikoni.

Jaribio la ndani ya jiko

Hapa ndipo wengi hupotoka, kwa kuwa hubadilisha mambo matatu kwa pamoja kisha husifu chapa. Badilisha peleti tu.

Jiko likiwa limepoa kabisa, safisha bakuli la moto na uzibue matundu yake yote kwa kijiti cha chuma, mwaga majivu, piga brashi mikondo ya joto, futa kioo. Kaa huweza kujificha ndani ya majivu kwa saa nyingi, kwa hiyo tumia mashine ya kufyonza iliyotengenezwa kwa majivu, si ile ya zulia. Acha tangi na skrubu ya kulishia, ile inayozunguka na kusukuma peleti hadi kwenye bakuli, viishe kabisa peleti za zamani. Mabaki yaliyomo kwenye bomba la skrubu yanatosha kuchafua matokeo ya saa ya kwanza.

Mimina mfuko mmoja uliopimwa na kuchekechwa. Zima kidhibiti cha joto la chumba na uliweke jiko kwenye ngazi moja isiyobadilika, ya kati. Andika saa ya kuwaka. Baada ya saa moja pima joto la hewa inayotoka kwenye grili ya mbele, mahali palepale kila mara, na urudie kila saa. Andika saa jiko lilipozima kwa kuishiwa.

Sasa soma namba hizo kwa pamoja. Skrubu hulisha kwa ujazo, haijui kilo. Chapa yenye uzito wa kilo 7.2 kwenye ndoo yako italishwa asilimia 16 zaidi ya ile ya kilo 6.2 kwa mizunguko ileile. Hewa yake itakuwa ya moto zaidi, na mwenye nyumba atasema "hizi zina joto", wakati mfuko umekwisha mapema kwa kiasi kilekile. Mfuko wa kilo 15 uliodumu saa 12 umelisha kilo 1.25 kwa saa, sawa na takriban kilowati 6 za nishati ya peleti ndani ya bakuli. Linganisha joto la grili pamoja na kilo kwa saa. Moja bila nyingine haina kazi.

Jiko likipoa, pima majivu ya bakuli na ya sanduku. Kwa kilo 15, asilimia 0.7 ni gramu 105; peleti nzuri hubaki karibu na gramu 50. Sehemu fulani hupeperukia kwenye dohani, kwa hiyo utapata pungufu ya halisi, lakini upungufu huo unakaribiana kwa chapa zote. Tazama na rangi: majivu ya kijivu laini yameungua sawasawa, meusi yenye punje yana makaa yasiyoisha, maana yake hewa ni kidogo au ulishaji umezidi. Hilo rekebisha kwenye jiko kwanza, kisha rudia.

Rudia mfuko wa pili wa kila chapa. Namba zikitofautiana sana kati ya mifuko miwili ya chapa moja, hilo lenyewe ni jibu.

Magae, na mengine yanayosingiziwa peleti

Magae ni yale mabonge magumu kama kioo yanayoganda ndani ya bakuli. Majivu yameyeyuka na kushikana, kwa kawaida kwa sababu ya mchanga na udongo ulioingia na magome, ukikutana na potasiamu inayoshusha kiwango cha kuyeyuka. A1 inataka majivu yasianze kulegea chini ya nyuzi 1200. Lakini bakuli lenye matundu yaliyoziba hutengeneza magae hata kwa peleti safi. Njia ya kuamua: weka akiba mfuko mmoja wa chapa unayoijua kuwa haina tatizo, na uuchome baada ya kusafisha bakuli. Ukiungua bila gae, kosa ni la chapa mpya. Magae yakirudi, mwite fundi, usibadilishe peleti.

Kioo cheusi vilevile. Kabla ya kulaumu chapa, kagua gasketi ya mlango, ule ukanda wa kuziba hewa: bana karatasi kwenye mlango na uivute, ikitoka bila kukwama, hewa inapita pasipotakiwa.

Jiko likizima na tangi bado limejaa, chungulia juu ya skrubu. Peleti ndefu hushikana na kuacha pango chini yake. Kama hakuna pango na mota inaguna, ni chenga zilizoshindiliwa kwenye pembe za chini. Fyonza tangi kabla ya kumimina mfuko mwingine.

Ukishachagua

Nunua tani zako kutoka mzigo uleule uliojaribu. Linganisha tarehe au namba ya uzalishaji kwenye mifuko. Mzigo mpya ukifika, lile jaribio la chenga na la ndoo yatakuchukua nusu saa tu.

Mifuko mingi ina vitundu vidogo vya kutolea hewa, kwa hiyo plastiki haizuii maji. Inyanyue kutoka sakafuni na uiweke mbali na ukuta wenye unyevu. Peleti zilizovimba zitupe zote; zikiingia kwenye skrubu zitavimba zaidi na kuganda kama saruji.

Peleti, hasa mpya za msonobari, hutoa gesi ya kaboni monoksidi zikiwa zimehifadhiwa tu, bila kuwashwa. Mifuko michache kwenye chumba chenye hewa haina shida, ila ghala au tangi kubwa lililofungwa lisiingiwe kabla ya kufunguliwa na kupitisha hewa. King'amuzi cha kaboni monoksidi kiwepo chumba chenye jiko, na kingine karibu na mlango wa ghala.