Chanjo ya chikungunya itakukinga na o'nyong-nyong? Pima hivi

Chanjo ya kwanza ya chikungunya, homa ya virusi inayoletwa na mbu, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, na hapa Kisumu swali halikukawia: itatufaa kwa o'nyong-nyong, homa nyingine ya mbu inayofanana nayo?

Hatua ya 1: Tafuta ukoo wa kirusi, si mbu. Hapa ndipo wengi huteleza. Chikungunya huletwa na Aedes, yule mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana na kuzaana kwenye mitungi na tairi kuukuu. O'nyong-nyong huletwa na Anopheles, mbu wa malaria. Mbu ni tofauti, ila virusi hivi ni ndugu wa karibu, vyote vya ukoo uitwao alfavirusi. Homa ya dengi hubebwa na Aedes huyohuyo, lakini iko ukoo mwingine pamoja na homa ya manjano.

Hatua ya 2: Uliza kinga inaelekea upande gani. Kingamwili za chikungunya, yaani askari wa damu wanaoutambua ugonjwa huo, huizuia o'nyong-nyong vizuri. Kinyume chake ni dhaifu. Kwa hiyo mzee aliyeugua kwenye mlipuko wa o'nyong-nyong ulioanzia Uganda 1959 asijihesabu salama kwa chikungunya.

Hatua ya 3: Ushahidi ni wa nani? Damu ya waliochanjwa imezuia o'nyong-nyong maabarani, na panya waliochanjwa walikingika. Inatia moyo, lakini panya si mkulima wa mpunga Ahero.

Hatua ya 4: Undugu huweza kudhuru. Dengi ina aina 4. Kingamwili za aina moja huweza kuishika nyingine bila kuiua, zikaisindikiza hadi ndani ya seli. Ufilipino ilisimamisha chanjo ya dengi iitwayo Dengvaxia mwaka 2017, ilipobainika kuwa mtu asiyewahi kupata dengi akichanjwa, akaambukizwa baadaye, huweza kuugua vibaya zaidi.

Maswali ya wanachama

*Sista, nina kadi ya manjano ya kusafiria. Dengi nayo imo?*
Haimo. Kadi hiyo ni ya homa ya manjano, na ni kwa homa hiyo tu inatambuliwa maisha yote.

*Lakini umesema ni ukoo mmoja!*
Ukoo mmoja, ndiyo, ila wa mbali. Chikungunya na o'nyong-nyong ni kama watoto wa mama mmoja.

*Mtoto wangu alichanjwa malaria. Kwa kuwa mbu ni yuleyule, o'nyong-nyong haitampata?*
Rudi hatua ya 1, mama. Malaria ni kimelea, wala si kirusi. Kinachozuia zote mbili ni neti, kwa sababu Anopheles huuma zaidi usiku.

*Na Aedes wa mchana?*
Huyo mfuate kwenye mitungi. Funika, na usugue kuta za ndani kila wiki, mayai hunata pale.