Besi ya Fender ya zamani: fungua skrubu kabla ya kufungua pochi

Ukiuziwa gitaa la besi la Fender, Precision au Jazz Bass, la miaka ya 1960 lenye rangi ya oda maalumu, tuseme bluu iitwayo Lake Placid Blue, usianze na namba iliyo kwenye bamba la chuma nyuma. Bamba hilo limeshikwa na skrubu nne tu, mtu analihamisha kwa dakika tano.

Omba kufungua plastiki ya mbele. Chini yake rangi haikuona jua wala moshi wa sigara, kwa hiyo bluu inapaswa kuwa bluu kweli, wakati huku nje vanishi imeshageuka manjano na kuitia ukijani. Nikikuta chini na juu ziko sawasawa kabisa, hamu yangu inapoa.

Kisha tafuta matundu ya misumari. Hadi karibu 1964 kiwanda kilipigilia misumari midogo kwenye mbao, gitaa lisiguse meza wakati wa kupakwa rangi, halafu ikang'olewa. Ndani ya tundu unataka kuona mbao tupu. Tundu likiwa limejaa rangi, gitaa limepakwa upya, na bei mara nyingi hushuka karibu nusu.

Lakini usishtuke ukiona sanibasti (rangi ya kawaida, manjano katikati na nyeusi pembeni) pale rangi ya oda ilipochubuka. Kiwandani wakati mwingine walipaka juu yake.

Potensiomita, yaani vifaa vilivyo chini ya vitufe vya sauti, nazo zina tarehe: 3046420 ni mtengenezaji Stackpole (304), 1964, wiki ya 20. Angalia pia kama risasi ya kulehemu imewahi kuguswa, maana huenda potensiomita zilibadilishwa.