Kumwongoza Mtoto Katika Simu na Intaneti: Kwa Wazazi Wakristo wa Unguja na Pemba

Jumapili moja, baada ya ibada, niliwakuta watoto sita wameinamia simu moja chini ya mwarobaini ulio nyuma ya kanisa. Walikuwa wakitazama video fupi ya vijana wawili wanaoigiza kwa dhihaka namna majirani zetu Waislamu wanavyoswali, na aliyeishika simu alikuwa mwanangu wa miaka 11. Simu ilikuwa yangu. Nilimpa ili atulie nikiwa nazungumza na wenzangu, na video yenyewe ilikuwa imejihifadhi humo kutoka katika kundi la WhatsApp la jamaa zangu. Siku hiyo nilitambua kuwa ulinzi wa mtoto unaanza na mzazi anayeketi naye, na kwamba mipangilio ya simu, pamoja na faida zake zote, hufuata nyuma.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inamtaka mzazi awafundishe watoto wake aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutazama pamoja. Tenga nusu saa mara mbili au tatu kwa wiki, umwombe mtoto akuonyeshe anachokipenda, iwe ni mchezo, katuni au vichekesho, na usianze kwa kukemea. Muulize nani ametengeneza jambo hili, na anataka tufanye nini baada ya kulitazama. Wafilipi 4:8 ni kipimo kizuri kwa sababu mtoto anaweza kukihifadhi kwa moyo: je, jambo hili ni la kweli, la staha, la haki, ni safi, linapendeza, lina sifa njema? Ile video tuliipima hivyo ukumbini jioni ileile. Mwanangu alipofika kwenye neno «staha» alinyamaza, kisha akasema kwamba mama wa rafiki yake, ambaye kila Ramadhani hutuletea sahani ya tambi, angelia akiiona. Sikuwa na la kuongeza. Sisi Wakristo ni wachache visiwani, na tunaishi mlango kwa mlango na watu wema wa dini nyingine. Mtoto wetu afundishwe mapema kwamba kusambaza dhihaka juu ya imani ya jirani ni kumkosea jirani huyo na Mungu pia.

Baada ya hapo ndipo ushughulikie simu yenyewe. Katika mipangilio ya WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe, kisha uzuie watu usiowajua wasikuingize katika makundi. Katika YouTube, zima uchezaji unaoendelea wenyewe, maana huo ndio unaomtoa mtoto kwenye katuni na kumfikisha usikokujua. Kwa mtoto mwenye simu yake, programu ya Family Link hukuwezesha kuidhinisha anachopakua na kuweka saa za matumizi. WhatsApp, TikTok na Instagram zote zinataka mtumiaji awe amefikisha miaka 13, na mzazi anayemsaidia mtoto kudanganya umri wake amemfundisha uongo kwa mkono wake mwenyewe. Namba ya siri ya simu, na hasa ile ya kutumia fedha, asiijue mtoto. Wapo wanaojiita manabii mtandaoni wanaoahidi miujiza kwa sadaka ya simu, na mtoto mwenye moyo mwepesi aliyezoea kutii madhabahu huwaamini upesi kuliko sisi.

Kwa watoto wadogo mambo ni mepesi zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kutazama kioo chochote, cha simu wala cha televisheni, kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unataka isizidi saa moja kwa siku, tena ikipungua ni bora.

Usiku, simu zote za nyumba zichajiwe ukumbini, zisiingie vyumbani.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni mgeni anayemwandikia mtoto kwa upole, akamsifu, kisha akamwomba picha ya mwili wake. Mwambie mwanao leo, kabla halijatokea, kwamba likimfika hatapigwa wala hatanyang'anywa simu kwa kukuambia, na ukishasema hivyo ulitimize hata kama hasira inakuwaka, kwa sababu mtoto anayeogopa fimbo ya nyumbani atamtii yule anayemtisha nje. Likitokea, usifute mazungumzo, maana ndiyo ushahidi. Mzuie mtu huyo asiendelee kuandika, piga namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, au nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Usiwatumie picha hiyo ndugu, wala mwalimu, wala padre, hata kwa nia ya kuomba ushauri, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na kila anayeipokea ni jicho jingine juu ya mwanao.

Kukataza peke yake hakumlei mtoto, kwa hiyo mpe kazi ya kufanya na simu. Mpeleke Mkunazini apige picha za Kanisa Kuu la Anglikana, atafute kwa nini ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, na Askofu Edward Steere alifanya nini hapo. Arekodi sauti ya bibi yake akisimulia Krismasi za zamani huko Wete au Chake Chake. Wakati wa Kwaresima, nyumba nzima ipunguze simu. Watoto wetu wanaona rafiki zao wakifunga Ramadhani na kufurahia kufunga, hivyo jambo hili si geni kwao.

Mwanzo wa kila muhula wa skuli sisi huketi mezani na kuandika makubaliano upya kwenye karatasi ya daftari, kila mtu akatia saini. Ya sasa imebandikwa kwenye mlango wa kabati la vyombo. Kifungu cha tatu kimeandikwa na binti yangu kwa kalamu nyekundu: «Baba na mama wasishike simu wakati mtoto anaongea nao.»